Mama ana presha, niiamini simu?

SWALI: Habari za kazi dada. Niko Newala, mama yangu ana presha, juzi karudi kliniki na vidonge vya amlodipine na kikaratasi ambacho hata mimi niliyesoma sikielewi. Mjomba akaniambia nipige picha niitume ChatGPT, ile programu ya akili bandia ya kwenye simu, nikatuma, ikajibu kwa Kiswahili safi tu, sema mama hataki, anasema simu haijasomea udaktari. Na vidonge kaacha kisa kichwa hakimuumi tena. Nifanyeje?

JIBU: Kaka, kwenye simu mama ana hoja, kwenye vidonge hapana. Presha mara nyingi haiumi popote, mtu ana 170 kwa 100, ambayo iko juu, na anapalilia mikorosho yake kama kawaida, hiyo dawa ndo inaishikilia chini, akiacha inapanda tena. Mpeleke wampime na uwaambie kwamba aliacha, wasije wakadhani dawa haifanyi kazi.

Sasa simu. Kufafanua inaweza sana, tena haichoki kuulizwa, mi naipendea hapo. Iambie ieleze kilichoandikwa tu, kwa sentensi fupi, halafu wewe mwenyewe umwambie mama kwa Kimakonde. Usiiulize kama apunguze au aongeze. Shida yake ikikosea haisitisiti, inajibu kwa kujiamini vilevile, na miandiko ya madaktari wetu unaijua, amlodipine ipo ya miligramu 5 na ya 10, ikisoma vibaya hapo mama anakunywa dozi ya mtu mwingine. Linganisha na boksi la dawa, bado una wasiwasi muulize mfamasia. Na saa pia, ukiandika saa 2 usiku inaweza kuhesabu Kizungu ikakuwekea alamu saa 8 usiku, mama wa watu aamshwe bure. Hata WHO, Shirika la Afya Duniani, walipotoa programu yao ya SARAH 2024, ya kujibu maswali ya afya, walisema wenyewe majibu yanaweza yasiwe sahihi, na Kiswahili hakikuwemo kwenye zile lugha 8.

Ukipiga picha ziba jina na namba ya faili. Ukitaka kuongea na mtu, piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.

Ila siku mdomo wa mama ukipinda, au mkono mmoja ukalegea, au maneno hayatoki vizuri, usianze kutaipu chochote, tafuta usafiri mwende hospitali saa hiyohiyo.