Majitaka ya bweni: msiyamwage kinamasini

Mwalimu, shikamoo. Umeuliza kama majitaka ya bweni mnaweza kuyaelekeza moja kwa moja kwenye kinamasi cha mafunjo kilicho chini ya shule. Nakuomba msifanye hivyo.

Kinamasi husafisha kweli, lakini kina kikomo. Tazama kinamasi cha Nakivubo, Kampala: kwa miongo mingi kimepokea majitaka ya mji kabla hayajafika Ziwa Victoria, si mbali na Gaba yanakochotwa maji ya kunywa. Watu wamefyeka mafunjo wakapanda magimbi, na maji yanapita mferejini bila kugusa mizizi ya kutosha. Na mizizi ndiyo kazi yenyewe, kwani bakteria wanaokula uchafu huishi humo.

Jengeni kinamasi cha kwenu. Kwanza tangi la septiki, uchafu mzito utuame. Kisha shimo refu la kina cha sentimita 60 hivi, sakafu ikiinama kidogo, mtandike plastiki nzito, mjaze kokoto na kupanda mafunjo au matete. Maji yatembee katikati ya kokoto, yasionekane juu. Hapo mbu hawapati pa kuzalia.

Kokoto zioshwe! Nimeona shimo la namna hii lililojazwa kokoto zenye udongo: liliziba, maji meusi yakatapakaa uwanjani, watoto wakiyaruka kwenda darasani. Iliniuma sana.

Mafunjo yavunwe mara kwa mara, tangi linyonywe kabla halijajaa. Maji yanayotoka si ya kunywa wala kuoshea mboga, migomba itayafaidi. Kabla ya kuchimba, onaneni na ofisa mazingira wa wilaya.