Muwasho wa miaka miwili, sasa kidonda: mama akatwe kinyama cha kupimwa?

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 74. Kwa miaka miwili amewashwa sehemu za siri kwa nje, na kila akienda kutibiwa anapewa krimu ya fangasi. Sasa kwenye shavu la uke kuna kidonda kidogo, kigumu, kisichopona. Daktari wa wanawake anataka kukata kinyama kipimwe. Shangazi zangu wanasema saratani ikiguswa na kisu husambaa, na kwamba umri wake haufai kwa upasuaji. Wanasema kweli?

JIBU: Pole, dada. Mama akatwe kinyama, na msingoje.

Fangasi si kawaida kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, labda awe na kisukari, anatumia homoni au antibiotiki. Muwasho wa muda mrefu katika umri huo mara nyingi hutokana na ugonjwa wa ngozi uitwao likeni sklerosasi: ngozi hupauka, hukonda na kuchanika. Kwa wachache huzaa saratani ya vulva, yaani ya sehemu za nje za uke. Saratani hii ni adimu, ndiyo maana wengi hupewa krimu bila hata kuvuliwa nguo wakaangaliwa. Hilo linaniudhi kila mara.

Kukata kinyama hakusambazi saratani hii. Anachomwa ganzi, kinatolewa kipande cha kama milimita 4 kwenye ukingo wa kidonda, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ila kidonda chote kisiondolewe kabla ya majibu. Kikiondolewa, daktari wa upasuaji wa saratani atapata shida kupanga mipaka na kuzitafuta tezi za kinena, ambako saratani hii huanza kusambaa.

Tezi hizo ndizo roho ya jambo. Uvimbe usiozidi sentimita 2, uliozama milimita 1 au chini, hukatwa peke yake na kinena hakiguswi. Ukizama zaidi, lazima kinena kichunguzwe. Zamani tezi zote zilitolewa, na wengi walibaki na miguu iliyovimba maisha yao yote. Siku hizi, uvimbe ukiwa mmoja, chini ya sentimita 4, na hakuna mtoki unaotiliwa shaka, huweza kutafutwa tezi ya kwanza tu inayopokea majimaji kutoka kwenye uvimbe. Ikiwa safi, nyingine huachwa.

Kuhusu umri, mimi huuliza zaidi kama mgonjwa anatembea, anajilisha, na moyo wake ukoje. Wagonjwa wengi wa saratani hii wamepita miaka 65, na upasuaji huu haufungui tumbo. Asiyeuweza hupewa mionzi, pengine pamoja na sisplatini, dawa ya saratani, kama figo zinaruhusu.

Majibu yakionyesha likeni bila saratani, atahitaji mafuta makali ya steroidi kama klobetasoli, na kuangaliwa maisha yake yote. Yakionyesha saratani, swali lako la kwanza kwa daktari liwe: imezama milimita ngapi?