Kabla Mpira wa Kwanza Haujarushwa: Kwa Anayetaka Kuandika Habari za Besiboli

Mara kwa mara huandikiwa na vijana, wengi wao watoto wa Waafrika Mashariki waliokulia Ohio, Minnesota au Texas, wakitaka kujua jinsi ya kuingia katika kazi ya kuandika habari za besiboli. Karibu wote huanza kwa kunieleza jinsi wanavyoupenda mchezo huo. Naomba radhi kusema kwamba mapenzi hayo hayanisaidii kuwapima, kwa sababu uwanja mzima umejaa watu wanaoupenda mchezo, tena wamelipa kiingilio. Mimi huwarudishia swali: je, unaweza kumwandika mtu vibaya leo usiku, kisha kesho saa tisa alasiri ukaenda kusimama mbele yake na kumsalimu?

Swali hilo linatokana na kalenda. Mwandishi wa kandanda wa Dar es Salaam au Nairobi akimponda mshambuliaji siku ya Jumamosi, huwa na siku kadhaa za kupoa kabla hawajaonana tena. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, mbali na mechi za kujipima za Arizona na Florida zinazoanza Februari, na mbali na mechi za mtoano zinazoweza kusogea hadi Novemba. Katika ligi za chini, ambako mimi nilianzia, siku hizi timu ngeni hukaa mji mmoja kwa mechi sita, Jumanne hadi Jumapili, na Jumatatu ndiyo siku ya kupumzika. Mwandishi na mchezaji huishi kama abiria wa jahazi moja, na uliyemkosea asubuhi ndiye utakayekaa naye jioni.

Nilifika Ohio kutoka Tanga nikiwa na umri wa miaka 20, sijawahi kuona gongo la besiboli kwa macho yangu (wasomaji wa Dar es Salaam wanielewe, nasema kipande cha mti). Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo katika mkahawa ambao wapishi wake walikuwa Wameksiko na Wadominika, na redio ya jikoni haikuzimwa msimu mzima. Kihispania na sheria za besiboli nilijifunza kwa pamoja, mikono ikiwa ndani ya maji ya sabuni. Baadaye gazeti dogo la mtaani lilihitaji mtu wa kukaa kwenye mechi za shule za sekondari kwa dola 50 kwa mechi, mafuta ya gari juu yangu. Nilikubali kabla mhariri hajamaliza sentensi. Kutoka hapo ilinichukua misimu minne kupata nafasi ya kufuatilia timu moja ya ligi za chini.

Katika msimu wangu wa pili na timu hiyo, mpira wa kuambaa chini ulipigwa kumwelekea mlinzi anayesimama baina ya kituo cha pili na cha tatu. Ulimpita ubavuni, wakimbiaji wawili wakarejea nyumbani, yaani kituo ambako alama hupatikana, na timu yake ikafungwa kwa alama moja. Niliandika kwamba alisinzia. Nililipenda neno hilo, na nakumbuka nililisoma mara mbili kabla ya kulituma. Siku iliyofuata nilipoingia katika chumba cha kubadilishia nguo, kijana huyo, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, alikuwa amekaa mbele ya kabati lake akijifunga plasta vidoleni. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kwa Kihispania jana nilikuwa nimekaa wapi, nikamjibu kwamba nilikuwa juu, kwa waandishi. Akavaa viatu, akaniambia twende. Tulitoka kwenye jua la alasiri mpaka pale ambapo udongo mwekundu wa uwanja unakutana na majani, akachuchumaa, akaniambia nipitishe kiganja. Palikuwa na kijituta kisichozidi unene wa kidole, kilichojengwa na udongo unaosukumwa na viatu na mafagio mechi baada ya mechi. Mpira wa jana uligonga hapo ukageuka njia. Ukiwa kwenye kiti changu cha juu, kijituta hicho hakionekani kabisa. Karani rasmi wa mchezo, mwenye mamlaka ya kuamua kama ni pigo halali au ni kosa la mlinzi, alikuwa ameandika pigo halali, na uamuzi wake ulitangazwa kwa kipaza sauti mle mle chumbani kwetu. Mimi sikuusikia, maana nilikuwa nikitafuta neno la kumchoma nalo kijana wa watu.

Masahihisho yalitoka, mistari mitatu katika ukurasa wa ndani. Kwa siku zote zilizobaki za msimu ule kijana yule alizungumza nami, na naamini ni kwa sababu kesho yake na keshokutwa nilirudi nikasimama palepale, bila kujificha nyuma ya wenzangu. Tangu hapo nimeona waandishi wenye kalamu nzuri kuliko yangu wakiishiwa na habari katikati ya Julai, kwa kuwa kuna makabati matano au sita wasiyoweza kuyakaribia.

Ndiyo maana nasema kazi hii hufanyika kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Mchezo ukianza saa moja na dakika tano usiku, mimi huwa uwanjani tangu saa tisa alasiri, na muda mrefu huo hupita nikiwa nimesimama tu. Unatazama nani ameingia mapema kufanya mazoezi ya kupiga, nani amekaa muda mrefu kwa mtaalamu wa viungo, na jina la nani limeshuka katika orodha iliyobandikwa ukutani. Kuna adabu zake pia, ambazo hakuna atakayekufundisha mpaka uzivunje. Mrushaji atakayeanza mchezo wa siku hiyo hasemeshwi kabla ya mchezo. Kiti kilicho mbele ya kabati la mchezaji hakikaliwi. Saini ya mchezaji haiombwi, hata kama ni kwa ajili ya mtoto wako aliyelazwa hospitali. Na katika chumba cha waandishi hakuna kushangilia. Aliyeshindwa kuzuia makofi yake anunue tiketi akakae na mashabiki, ambako kwa kweli pana raha zaidi.

Maswali nayo ni kazi ya alasiri. Mwandishi mchanga huuliza, «Ulijisikiaje?» au hutoa amri badala ya swali: «Zungumzia lile pigo.» Mchezaji wa besiboli amekwisha kuulizwa hayo mara mia na ana majibu yaliyokauka mfukoni. Muulize jambo uliloliona kwa macho yako: kwa nini alisogea hatua mbili kushoto kabla ya mpira wa tatu, au alikuwa akimwambia nini mdakaji alipomwendea katikati ya uwanja. Hata akikataa kujibu, atakumbuka kwamba ulikuwa unatazama.

Ili uone mambo hayo, andika mchezo wote kwa mkono. Kila mlinzi ana namba yake, kuanzia 1 ya mrushaji na 2 ya mdakaji hadi 9 ya mlinzi wa kulia nyuma, kiasi kwamba ukiandika 6-4-3 mwenzako wa mji mwingine anaelewa mpira ulipita mikono ya nani hadi wachezaji wawili wakatolewa kwa mpigo mmoja. K ni mpigaji aliyekosa mara tatu, na K iliyogeuzwa mgongo ni yule aliyeuacha mpira wa mwisho upite akiutazama. Vijana hunicheka, wakanikumbusha kwamba tangu mwaka 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vina mfumo wa Statcast unaopima kasi ya kila mpira. Nautumia kila siku. Lakini mfumo huo huniambia mpira ulitoka na kasi gani, ilhali daftari langu hunionyesha kwamba mpigaji yuleyule amepewa mpira wa aina ileile mara tatu usiku mmoja, nami nikapata swali la kumwendea nalo mrushaji.

Kalamu yenyewe hukimbizwa na saa. Ukurasa ukifungwa saa nne na nusu usiku, huwezi kungoja mchezo uishe ndipo uanze. Unaandika habari kuanzia awamu ya tatu kati ya tisa za mchezo, na ikifika ya nane unakuwa na vianzio viwili, kimoja cha ushindi na kingine cha kufungwa, na ole wako utume kisichohusika. Mwaka 2022 mchezo wa ligi kuu ulichukua wastani wa saa 3 na dakika 4. Mwaka 2023 ilipoletwa saa ya kumhesabia mrushaji sekunde 15 vituo vikiwa vitupu na 20 vikiwa na mkimbiaji, wastani ulishuka hadi saa 2 na dakika 40. Mashabiki walibishana sana kuhusu saa hiyo. Waandishi tulinyamaza tukashukuru.

Kwa wanaohofu kwamba mgeni hawezi kuandika mchezo wa Wamarekani, naomba wamtazame Henry Chadwick. Alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, akaletwa Brooklyn akiwa mtoto, akaanza kwa kuandika kriketi. Yeye ndiye aliyelikuza jedwali la matokeo linalochapishwa hadi leo, na herufi K tunayoiandika ni urithi wake. Ugeni ulimpa jicho la kuhesabu mambo ambayo wenyeji waliyazoea. Mimi nimefaidika vilevile kwa Kihispania cha jikoni, kwa kuwa wachezaji wengi hawakuzaliwa Marekani. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 kila klabu ya ligi kuu inalazimika kuwa na wakalimani wa Kihispania, lakini mtu hatanii kupitia mkalimani. Kiswahili nacho kina siku yake: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania, na mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma. Habari kama hizo mhariri hamtafuti mtu mwingine ikiwa wewe umo katika orodha yake.

Sitaficha kwamba milango haikuwa wazi kwa wote. Chama cha waandishi wa besiboli cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1908, ndicho kinachotoa kadi inayofungua vyumba vyote, na wanachama wake hupigia kura tuzo za msimu. Aliyekaa humo miaka 10 mfululizo hupigia kura pia wachezaji wanaoingia katika Jumba la Heshima. Wendell Smith wa gazeti la watu weusi la Pittsburgh Courier alisafiri na Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu, mwaka 1947 ilhali hana kadi hiyo. Sam Lacy, mwandishi mwingine mweusi, aliipata mwaka 1948. Mwandishi Claire Smith alitolewa, kwa kuwa ni mwanamke, katika chumba cha wachezaji wa klabu ya San Diego mwaka 1984 wakati wa mechi za mtoano, na mchezaji Steve Garvey ndiye aliyetoka nje kuzungumza naye ili amalize kazi yake. Mwaka 2017 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya juu kabisa ya waandishi wa besiboli. Binti anayeniandikia kwa wasiwasi ajue kwamba njia imekwisha kupitwa, ingawa bado ina miiba.

Kuhusu riziki nitasema kifupi. Nafasi zinapungua: hata The New York Times lilifunga dawati lake la michezo mwaka 2023, likaitegemea The Athletic, tovuti ya habari za michezo ambayo kampuni inayomiliki gazeti hilo iliinunua mwaka uliotangulia kwa dola milioni 550. Usiache kazi yenye mshahara kwa ajili ya dola 50 za mechi. Mimi niliosha vyombo miaka mitatu nikiwa tayari naitwa mwandishi. Na kama una mwenza na watoto, kaeni mzungumze mapema, kwa sababu utakosa harusi zote zinazofanyika kati ya Aprili na Septemba, na ndugu zetu hawasamehe harusi kwa urahisi.

Ukiamua kuanza, usingoje ligi kuu. Majira ya kuchipua yakifika, nenda kwenye mechi ya sekondari iliyo karibu nawe, chukua daftari na penseli yenye kifutio, ufike muda wa saa mbili kabla mchezo haujaanza. Utamkuta mtu mmoja tu uwanjani, anayemwagia udongo maji na kusawazisha mpaka wa majani kwa reki. Msalimu, kisha muulize mpira hugeuka wapi. Mimi humwanza huyo kila siku, kabla sijaingia kwa wachezaji.