Sarafu za Kirumi: usianze na sura, anza chini miguuni

Kila nikiposti picha ya sarafu zangu lazima atokee mtu aulize, sasa wewe unajuaje hii ni ya nani na imelika namna hii? Swali zuri, na leo nalijibu kwa kirefu kidogo maana nimechoka kulijibu vipande vipande. Mimi naishi Uingereza, kwetu Tanga, na ninazokusanya sana ni zile za shaba za Warumi wa karne ya 4. Sio kwamba ni nzuri kuliko zote, hapana, ni kwa sababu ziko nyingi na bei yake haiumi, zilizochoka unazipata kwa hela ya kahawa na keki, na zinafundisha. Mtu anayeanza na silva ya Alexander Mkuu ya mamia ya pauni ananunua picha tu, kusoma hajajifunza bado na tayari ameshajipeleka mwenyewe kwa matapeli.

Mgeni akishika sarafu ya Kirumi macho yanakimbilia kwenye sura. Kwa makaizari wa mwanzo inasaidia kweli, Vespasian ana shingo nene na kidevu kimechomoza, na Nero unamuona kabisa anavyonenepa mwaka hadi mwaka. Ila ukifika karne ya 4 sura haikusaidii kitu, wachongaji walishaacha kuhangaika na mfanano, wote macho makubwa, karibu wote wanaangalia kulia, wengi wana utepe wa lulu kichwani. Majina ndo balaa zaidi, maana kaizari Constantinus aliwapa watoto wake majina Constantinus, Constantius na Constans. Sijui alikuwa anawaitaje pale nyumbani wakati wa kula.

Kwa hiyo mimi nageuza sarafu kwanza, naangalia upande wa nyuma, tena chini kabisa. Chini ya miguu ya watu waliochorwa kuna mstari, na chini ya mstari kuna herufi chache. Hapo kiwanda kilichogonga sarafu kilijitaja. TR ni Trier huko Ujerumani, ANT ni Antiokia, ALE ni Alexandria, SIS ni Siscia ambayo leo ni Sisak nchini Kroatia, AQ ni Aquileia kule Italia, TS ni Thessalonica, na LON ni London, ambayo kiwanda chake kilifungwa mwaka 325. Mbele yake unaweza kukuta SM, maana yake kiwanda kitakatifu cha fedha, yaani cha kaizari. Halafu kuna herufi moja ya karakana ndani ya kiwanda hicho, kwa magharibi mara nyingi ni P, S, T au Q yaani ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na mashariki walitumia herufi za Kigiriki, A, B, Γ, Δ na kuendelea. Walifanya hivyo ili sarafu ikitoka na uzito pungufu ijulikane ni meza gani iliyohusika, na kiukweli ni mfumo ambao hata leo ofisi nyingi hazina.

Ninayo moja hapa mezani wakati naandika. Upana wake milimita 15 hivi, gramu moja na nusu, nyeusi yenye ukijani kwenye mabonde. Naona watu wawili wamesimama na mikuki na katikati yao nguzo ya bendera ya jeshi, na kuzunguka wamebaki na RIA EXERC. Hiyo ni GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi, na hao ni askari. Sasa hesabu bendera. Aina hii ilianza 330 ikiwa na bendera mbili katikati, ilipofika 335 wakapunguza sarafu ikawa nyepesi na bendera ikabaki moja. Yangu ina moja, kwa hiyo ni 335 au baada ya hapo. Chini naona T na R na S iliyokatika nusu, basi Trier, karakana ya pili. Sasa ndo nageuza upande wa kichwa, naona NTIVS NOB C. Kabla ya VS kuna I wala sio N, basi huyu ni Constantius na sio Constantinus, na NOB C ni cheo cha kaizari mdogo, mrithi. Baba yao Constantinus alikufa Mei 337 na watoto wakajitangaza Augustus, yaani makaizari kamili, mwezi wa tisa mwaka uleule, baada ya hapo NOB C ikawa haimhusu tena. Kwa hiyo sarafu imegongwa kati ya 335 na 337, Trier. Na sura yake mpaka hapo sijaiangalia.

Kuna mtego mmoja hapo unawakamata wengi. Ukiona CONST usikimbilie kusema Constantinople, maana mji wa Arles huko Ufaransa nao ulipewa jina la Constantina kwa heshima ya familia hiyohiyo. Herufi ya karakana ikitangulia, PCONST au SCONST, hiyo ni Arles, ikija mwisho kama CONSA au CONSΓ ndo Constantinople.

Picha nazo ukishazizoea unazijua hata zikiwa zimebaki kivuli. Mbwa mwitu jike ananyonyesha watoto wawili, upande wa pili mtu ana kofia ya vita na maneno VRBS ROMA, hiyo ni ya miaka ya 330, ilitoka pamoja na ya Constantinople mji mpya ulipozinduliwa tarehe 11 Mei 330. Humo hakuna kaizari kabisa, usimtafute. Askari anamchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka, hiyo ni FEL TEMP REPARATIO, walianza kuitoa kama 348 na utakutana nayo mpaka uichoke. Maana yake ni kama nyakati njema zimerudi, na chini yake kuna mtu anauawa, ila serikali ni serikali, kauli mbiu lazima iwepo.

Ukishapata maneno mawili matatu ingia OCRE, tovuti ya bure ya American Numismatic Society, andika herufi ulizoziona hata kama ni nusu neno, chagua kiwanda, itakuletea zinazofanana pamoja na picha na namba ya katalogi. Usianze kwa kulinganisha picha huko minadani, utapotea, anza na herufi.

Kwa makaizari wa zamani zaidi mchezo ni vyeo. Trajan kwa mfano, jina lake lilikuwa linakua kila akishinda vita: GERM, mshindi wa Wajerumani, anayo tangu mwanzo, DAC, mshindi wa watu wa Dacia, inaongezeka 102, PARTH, mshindi wa Waparthi, inakuja 116, na namba inayofuata baada ya COS ni mara ngapi amekuwa konsuli, cheo cha juu cha serikali ya Roma, COS V ni 103 mpaka 111. Kwa hiyo unaweza kupata miaka bila kuona hata pua yake. Na taji la miale kama ya jua kichwani mara nyingi ni alama ya thamani mara mbili, kaizari Caracalla ndo alileta sarafu kubwa ya silva ya namna hiyo mwaka 215, watoza ushuru wa leo wangempenda, maana silva ndani yake haikufika mara mbili. Miaka 50 baadaye ilishakuwa karibu shaba tupu iliyopakwa silva kidogo juu.

Kwa walioko nyumbani wanaonitumia picha za sarafu za babu: ndugu zangu, mara nyingi sio ya Kirumi. Ile yenye mtu kavaa kofia yenye ndege juu na maneno GUILELMUS II IMPERATOR ni rupia ya Wajerumani, ya miaka ya 1890 kuja mpaka 1914. Na kama mna ile senti kumi yenye tundu na pembe za ndovu, isomeni vizuri, GEORGIVS yenye V badala ya U, na IMP, kifupi cha Imperator, yaani kaizari. Hiyo ni IMP ileile ya kina Trajan, Waingereza waliichukua nzima nzima. Kwa hiyo mtu aliyekulia na sarafu hizo za zamani tayari anajua kusoma nusu ya sarafu ya Kirumi. Kitu kingine, sarafu ya kale haina mwaka ulioandikwa kama tunavyoandika sisi, ukiuona huo mwaka rudisha.

Wagiriki ni shule nyingine. Hapo hakuna kaizari mmoja, kila mji na sarafu yake, na mji unajitambulisha kwa picha: bundi ni Athens, farasi mwenye mabawa ni Corinth, kobe ni Aegina, nyuki ni Ephesus, waridi ni Rhodes, kaa ni Akragas kule Sicily. Maandishi yakiwepo huwa yanasema ni ya nani, ΑΛΕΞΑΝΔΡΟΥ yaani ya Alexander, ΣΥΡΑΚΟΣΙΩΝ yaani ya watu wa Siracusa. Na yule kijana aliyevaa ngozi ya simba kwenye silva za Alexander ni Herakles, shujaa wa hadithi za Kigiriki, muuzaji akikuandikia kwa herufi kubwa kwamba ni Alexander mwenyewe akiwa hai, nenda taratibu, maana alikufa 323 KK na miji ikaendelea kuzigonga sarafu hizo kwa miaka mingi sana baada ya hapo. Za shaba za kina Ptolemy, wafalme wa Misri, zina tai amesimama juu ya radi, nzito, na nyingi zina kitundu kisichotoboka katikati pande zote mbili, wengi wanadhani imeharibiwa kumbe ndivyo zilivyotoka kiwandani.

Mkitaka cha Afrika yetu hii, angalieni Aksum. Wafalme wa Ethiopia ya kale walianza kugonga sarafu mwishoni mwa karne ya 3, wa kwanza Endubis, kwa maandishi ya Kigiriki, na kichwa cha mfalme mara nyingi kimekaa katikati ya masuke mawili ya ngano. Mfalme Ezana alivyoingia Ukristo akaondoa alama ya mwezi kwenye sarafu na kuweka msalaba. Mimi bado sina hata moja, bei zake sio za kahawa.

Sasa feki, na hapa nawaomba msome polepole. Sarafu za kale ziligongwa kwa nyundo, moja baada ya moja, kwa hiyo hata mbili zilizotoka kwenye muhuri mmoja hazilingani umbo, hii imepasuka ukingo huku, ile picha imekaa pembeni kule. Ukikuta mbili sokoni zina mpasuko uleule mahali palepale na mkwaruzo uleule, zimemiminwa kwenye kalibu moja, hata ziwe na cheti. Omba picha ya ukingo, muuzaji asiyetaka kuipiga ameshakujibu. Ukingo wenye mstari mwembamba kuzunguka au uliopigwa tupa, na vitundu vidogo vya hewa juu ya uso, wacha. Na nunua mizani ya kidijitali, bundi wa Athens wa drakma nne ana gramu 17.2 hivi, akija na 14 mwambie muuzaji asante. Kuna za kale zenye kiini cha shaba na ngozi ya silva, hizo ni kazi ya matapeli wa wakati ule na zina wapenzi wake, ila usilipe bei ya silva.

Wale vijana wanaokufuata na sarafu mkononi kwenye magofu ya Uturuki au Misri, msinunue. Nyingi ni feki, na ikiwa ya kweli ndo mbaya zaidi, kutoa vitu vya kale nje ya nchi hizo ni kosa la jinai. Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti na kukuambia imetoka mkusanyiko gani. Hapa Uingereza mtu akichimbua sarafu 2 au zaidi za dhahabu au silva zenye umri zaidi ya miaka 300, au 10 za shaba pamoja, sheria ya hazina ya 1996 inamtaka atoe taarifa. Ndivyo chungu cha Frome, kilichopatikana mwaka 2010, kilivyofika makumbusho kikiwa na sarafu 52,503, na aliyekipata aliacha waakiolojia wachimbe wenyewe.

Kuhusu kusafisha, usiguse ndimu, siki wala dawa ya meno. Ule ukoko laini wa kijani au kahawia ndo unaoshikilia maandishi, ukiutoa umebaki na kipande cha shaba. Loweka kwenye maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya pasi za mvuke, badilisha kila siku chache, halafu mti wa meno taratibu chini ya lenzi. Ila ukiona unga wa kijani mpauko unaopukutika ukiugusa, huo ni ugonjwa wa shaba, unakula sarafu kutoka ndani. Itenge na nyingine, ikaushe kabisa na iweke kwenye kopo na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Na zile mfuko za plastiki laini zinazonuka kama pazia la bafuni tupa zote leo leo, zinaacha ute wa kijani kwenye sarafu nzima, tumia za karatasi.