Picha ya banda: si lazima ipigwe kwenye maonyesho yenyewe

Ukiomba nafasi ya kuuza kwenye maonyesho ya sanaa, huwa unatakiwa kutuma na picha ya banda lako. Je, ni lazima ipigwe kwenye maonyesho yenyewe? Hapana, si lazima. Simamisha hema lako la futi 10 kwa 10 uani, panga kazi zako kama siku ya kuuza, piga picha. Nimeomba nafasi kwenye maonyesho ya sanaa hapa Marekani kupitia ZAPP, mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi ya maonyesho, kwa picha ya uani na nikapokelewa. Waamuzi wanaochagua wasanii wanachotafuta ni kama kazi zilizo bandani ni za mkono uleule uliotengeneza zile za picha nyingine ulizotuma, na kama zinatosha kujaza banda.

Cha kuangalia sana ni jina. Kwa kawaida waamuzi hawatakiwi kumjua msanii, kwa hiyo ondoa bango na kadi zenye jina lako, na wewe mwenyewe usionekane. Mimi mara ya kwanza niliacha kadi pembeni ya vikapu vyangu; picha ilipokuzwa jina likasomeka herufi kwa herufi, ikabidi nisimamishe hema upya.

Piga siku ya mawingu, tena chini ya hema jeupe. Hema la bluu linatia ubluu kila kitu, hata ukili mweupe. Rudi nyuma hadi kuta zote tatu ziingie, kamera usawa wa kifua. Masanduku chini ya meza yafunikwe kwa kitambaa kinachofika chini kabisa.

Ila soma masharti ya kila maonyesho kwanza, maana wapo waandaaji wenye matakwa yao kuhusu picha ya banda.