Mnara wa Coucy: ni 1917, si 1940
Je, mnara mkuu wa ngome ya Coucy, kaskazini mwa Ufaransa, uliangushwa na ndege za Vita vya Pili vya Dunia mwaka 1940? Hapana. Ulilipuliwa Machi 1917, katika Vita vya Kwanza, na jeshi la Wajerumani lilipokuwa likirudi nyuma, kwa tani 28 hivi za baruti. Na haikuwa kazi ndogo: Enguerrand wa Tatu, bwana wa Coucy, aliujenga karne ya 13 ukiwa na kimo cha mita 54 hivi na upana wa mita 31, kuta zake nene kuliko chumba cha kulala. Picha za kabla ya vita zinauonyesha umesimama, umefungwa mikanda ya chuma ya karne ya 19 kuzuia nyufa. Ila ngome yenyewe ilikuwa gofu tayari. Kardinali Mazarin, waziri mkuu wa Ufaransa, aliagiza ibomolewe tangu 1652.