Kwa nini modeli yangu haioni foleni ya kwenye taa?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam. Nimejenga modeli ya safari za asubuhi kutoka Tegeta hadi Posta, na kila kipande cha barabara nakikokotoa kwa fomula ya Bureau of Public Roads ya Marekani (1964), inayokadiria muda wa safari kutokana na wingi wa magari na uwezo wa barabara. Muda ninaoupata ni mfupi mno kuliko niliopima nikiwa garini. Nimekosea wapi?

JIBU: Hesabu zako huenda ziko sawa. Tatizo ni kwamba fomula hiyo inaangalia barabara kati ya makutano na makutano, ilhali foleni ya mjini huanzia pale magari yanaposimama kungoja taa.

Chukua njia moja ya magari, kilomita 1, mwendo wa kilomita 50 kwa saa: sekunde 72. Uwezo wake ni magari 1,800 kwa saa, yanapita 480. Fomula yako haitaongeza hata nusu sekunde. Sasa weka taa mwishoni, mzunguko wa sekunde 120, kijani 40. Uwezo unashuka hadi 600, na kwa sehemu mbili za kwanza za fomula ya Webster ya 1958, ya kukadiria kusubiri kwenye taa, kila gari linasubiri wastani wa sekunde 48 hivi. Yakifika magari 570, ni sekunde 96. Magari 90 tu yameongezeka, kusubiri kumekuwa maradufu! Yakizidi 600 fomula hiyo nayo inakwama. Hapo fuatilia foleni inavyokua. Yakija 700 kwa saa nzima, 100 yatabaki, na foleni hiyo pekee itaongeza wastani wa dakika 5 kwa kila gari.

Tafadhali usichukue muda wa kijani kutoka kwenye michoro. Nenda makutanoni, upime mwenyewe. Asubuhi mara nyingi trafiki ndiye anayeongoza magari, naye huachia upande mmoja kwa muda mrefu. Mzunguko ukiwa sekunde 300 na kijani 100, uwiano ni uleule, lakini kwa magari yaleyale 480, kusubiri kunakotokana na mzunguko wenyewe kunapanda kutoka sekunde 36 (kati ya zile 48) hadi 91.

Kila uelekeo pia uupe muda wake. Kwetu tunaendesha kushoto, hivyo anayekata kulia hungoja wanaotoka mbele.

Na kama kasi za vipande ulizipata kwa kugawa umbali kwa muda wa safari, kusubiri taa kumo tayari ndani yake. Pima upya kasi ya katikati ya kipande, mbali na foleni, ndipo uongeze sekunde za makutano.